Kiangazi Kinachorudi Kinyumenyume

Chamazi, Temeke
16 Februari 1997

Mwalimu Gaudens,

Leo ni Jumapili, tarehe kumi na sita Februari, na kabla sijaandika neno jingine naweka ahadi: nitakueleza yote yaliyotokea hapa shuleni, hata yasiyofurahisha, kwa sababu wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba anayepima hachagui namba anazozipenda.

Shikamoo. Sisi tu wazima. Tumefunga salama, na Idi imepita wiki iliyopita. Nipo kidato cha pili sasa. Tangu ulipoondoka kwenda kusoma Uholanzi hatujapata mwalimu mwingine wa Jiografia. Kipindi chako tunakitumia kuteka maji.

Ijumaa alikuja Bwana Stanley wa Mradi wa Visima, yule aliyekalia kiti chako pale ofisini kwa Mradi ulipoondoka. Wazazi waliitwa, na Mkuu wa Shule, Mama Elinaza, aliwakaribisha kwa soda. Tulidhani wamekuja kuonyesha mahali pa kuchimba kile kisima kirefu na kujenga tangi tulivyoahidiwa. Badala yake Bwana Stanley alitundika mchoro ubaoni. Akasema mchoro huo umetoka Uholanzi, umetengenezwa na kijana wetu Gaudens kwa kompyuta, kwa kitu kinachoitwa modeli ya maji. Mchoro unasema kiangazi cha Chamazi kinarudi nyuma kila mwaka. Kilikuwa kinafika mwisho Aprili, sasa kinafika Februari, na baada ya miaka michache kitaanza kula mvua za vuli. Maji ya chini yatakwisha. Kwa hiyo kisima na tangi vinahamishiwa Boko.

Bibi yangu, Bibi Chausiku, alinyanyua mkono. Unamjua, kisima chake ni kimoja kati ya vile vitatu mnavyovipima.

"Baba," alimwambia, "hicho kiangazi kinachorudi nyuma kimepitia wapi? Mie kwangu hakijapiga hodi."

"Bibi, haya ni mambo ya kompyuta."

"Hiyo kompyuta imeshateka maji?"

"Hapana, Bibi."

"Sasa inajuaje kama yamekwisha? Hata paka wangu huchungulia kwanza."

Watu walicheka sana. Bwana Stanley aliukunja mchoro wake polepole, akanywa soda yake yote, akaondoka.

Mimi sikucheka, Mwalimu. Mama Elinaza alitueleza baadaye kwamba bila tangi hakuna bomba, bila bomba hakuna maabara, na bila maabara hatutaruhusiwa kuwa na mchepuo wa sayansi kidato cha tatu. Wote tutasoma sanaa. Unajua ninachotaka kusoma. Ni hicho unachosoma wewe.

Lakini nikawaza, huenda mchoro wako ni wa kweli na Bibi ndiye hajui. Kama ni wa kweli sitalalamika. Naomba tu unieleze: modeli inajuaje?

Mwanafunzi wako,
Farida Anwar


Uholanzi
9 Machi 1997

Farida,

Marahaba. Barua yako nimeipata. Imeandikwa vizuri, nimehesabu makosa mawili tu.

Nitakueleza taratibu. Modeli si mpiga ramli. Ni hesabu. Unaipa mvua, joto, aina ya udongo na kina cha maji visimani. Inajifunza jinsi maji yanavyopanda na kushuka, halafu unaiuliza habari za miaka ambayo haijafika. Nimeilisha vipimo vya miaka saba vya visima vyenu vitatu: cha bibi yako, cha msikitini na cha zahanati. Vyote vimepimwa kila asubuhi na mtu yule yule, Jabiri, kwa utepe ule ule. Wenzangu hapa wenye mito mikubwa hawana vipimo vinavyofuatana hivyo.

Sasa sikiliza. Kila mwaka kuna kipindi ambacho maji yako chini kabisa. Mwaka 1990 kilikuwa Aprili. Mwaka 1996 kikawa mwanzoni mwa Februari. Katikati hapo, kila mwaka kilirudi nyuma siku kumi au kumi na moja. Visima vyote vitatu, kwa pamoja, bila kukosa. Profesa wangu alipouona mstari ule aliwaita wenzake ofisini. Alisema hajawahi kuona dalili ya mabadiliko ya hali ya hewa iliyonyooka kiasi hicho. Nilisimama pale, mtoto wa mkulima wa ndizi kutoka Kamachumu, nikaulizwa maswali na watu ambao vitabu vyao nilikuwa navisoma kwa zamu maktaba ya Mlimani.

Najua bibi yako atauliza mbona Aprili ni masika. Mwambie maji ya chini ya ardhi huchelewa. Mvua ikinyesha leo, huko chini habari hufika baadaye. Nadhani hataelewa, lakini mwambie.

Namheshimu kwa umri wake. Ila nilikaa kwenu miaka mitatu na nawajua. Mtu akiona ndoo imejaa leo, ya kesho si yake. Nyie watu wa pwani mmelelewa na mnazi, unadondosha wenyewe. Sisi kwetu mgomba usipoupalilia haukupi hata jani. Boko wanajenga watu waliosoma. Wakipewa maji watajua kuyatunza, na hawatacheka mchoro wasiouelewa huku wakinywa soda ya Mradi.

Nakushauri usome sanaa kwa moyo mmoja. Historia si aibu. Nchi inahitaji pia watu wa kuandika kumbukumbu za vikao.

Gaudens Theonest


Chamazi, Temeke
13 Aprili 1997

Mwalimu Gaudens,

Shikamoo, na asante kwa maelezo. Nimeyasoma mpaka nimeyaelewa. Makosa mawili uliyoyahesabu nimeyatafuta kwenye nakala yangu nikaona moja. La pili naomba unionyeshe, nisilirudie.

Siku kumi au kumi na moja. Namba hiyo ilinikaa kichwani, nikahisi naijua kama unavyomjua mtu uliyemwona mara moja sokoni. Jumatano nilikuwa nafagia sebuleni nikainua macho kwenye kalenda ya msikiti, ile yenye tarehe za Kizungu na za Kiislamu pamoja. Nikaacha kufagia.

Mwaka 1990 tulifunga Aprili. Mwaka 1996 tulifunga mwishoni mwa Januari na Februari. Kila mwaka tunaanza kufunga siku kumi au kumi na moja mapema kuliko mwaka uliopita, kwa sababu tunafuata mwezi. Kitu chako kinachorudi nyuma, Mwalimu, ni Ramadhani.

Sikutaka kukuandikia kwa kubahatisha, kwa hiyo nilimsubiri Kaka Jabiri. Ungali unamkumbuka: anavaa ile kofia ya Mradi hata msibani. Alikuja na baiskeli yake, akateremsha utepe kisimani. Bibi alikuwa anapepeta mchele pembeni.

"Kaka Jabiri," nikamuuliza, "Ramadhani huwa unapima saa ngapi?"

"Saa za kazi."

Bibi akacheka kwa pua. "Saa za kazi zipi, we Jabiri? Ukishakula daku unalala kama mzigo. Mie nakuonaga unakuja alasiri, sie tumejaa hapa na ndoo, eti tukupishe upime."

"Sasa Mama Mkubwa, mtu nimefunga, nipande baiskeli asubuhi, nguvu nizitoe wapi?"

"Alasiri ndiyo una nguvu?"

"Alasiri nina matumaini."

Nikamuuliza kwenye karatasi anaandika saa ngapi. Akaniangalia kwa huruma. "Mdogo wangu, karatasi ina nafasi ya asubuhi tu. Ulitaka niandike wapi, mgongoni?"

Mwalimu, hukuwahi kukaa kisimani alasiri ya Ramadhani, kwa hiyo niruhusu nikueleze. Miezi mingine watu huteka kidogo kidogo kutwa nzima, na asubuhi kisima kimeshalala kikajaa. Ramadhani mchana hakuna anayepika. Ikifika alasiri kila nyumba inataka maji kwa wakati mmoja: ya uji, ya muhogo, ya kuoshea vyombo, ya kuoga, ya udhu wa tarawehe. Ndoo zinagongana. Mpaka jua linazama unaona mchanga wa chini. Na asubuhi yake maji yamerudi palepale, ila hakuna anayeyapima kwa sababu mpimaji amelala.

Kwa hiyo miezi kumi na moja modeli inapewa kisima kilichopumzika, na mwezi mmoja inapewa kisima kilichotoka kuchotwa. Visima vyote vitatu vinakubaliana kwa sababu baiskeli ni moja.

Bibi alipoelewa aliweka ungo chini. "Mke mwenza," akaniambia, "kumbe mla senene katupimia futari, kaipeleka Ulaya wakaishangilia."

Nisamehe kwa hayo, lakini niliahidi kusema yote.

Mimi nimefurahi, Mwalimu, na si kwa kuwa umekosea. Ni kwa kuwa kosa lenyewe ni dogo na linatengenezeka. Ukiiondoa miezi ya Ramadhani kwenye hesabu utaona kiangazi halisi kiko wapi. Pengine kinarudi nyuma kweli, kwa mwendo mwingine. Pengine kimekaa palepale. Bwana Stanley akipata barua yako, kisima kitarudi Chamazi kabla hawajaanza kuchimba, nasi tutapata maabara. Naingoja kwa hamu.

Mwanafunzi wako,
Farida Anwar


Uholanzi
20 Mei 1997

Farida,

Nafurahi kusikia kwamba kalenda za msikiti siku hizi zinatoa shahada ya uzamili. Laiti ningejua, nisingehangaika na viza.

Kompyuta haifungi, haifuturu, wala haijui Idi ni lini. Inajua namba. Namba zimeandikwa asubuhi na mwajiriwa niliyemsimamia mimi mwenyewe. Wewe unaniletea maneno ya Jabiri, ambaye anaweza kukubali jambo lolote ili mabishano yaishe akalale, na maneno ya bibi yako, ambaye ana kisima cha kutetea. Niende kwa profesa nimwambie tufute kazi ya mwaka mzima kwa sababu ya watu wawili waliokuwa wanataniana juu ya ungo wa mchele?

Wewe unafunga, kwa hiyo Ramadhani unaiona kila mahali, kama mwenye njaa anavyosikia harufu ya ubwabwa. Ni jambo la kibinadamu. Si sayansi. Sayansi ina wenyewe, wamekaa darasani miaka mingi, na ukweli haupigiwi kura kisimani.

Nilipojitolea kuwafundisha mara mbili kwa wiki bila hata nauli, nilidhani napanda mbegu. Sikujua mavuno yatakuwa kusahihishwa na mtoto wa kidato cha pili.

Una mtihani wa taifa Novemba. Usiniandikie tena mpaka uwe umeumaliza.

G. Theonest


Chamazi, Temeke
14 Desemba 1997

Mwalimu Gaudens,

Uliniambia nisiandike mpaka nimalize mtihani. Nimemaliza. Shikamoo.

Nadhani hata huko mmesikia habari za El Nino. Mvua iliyoanza Oktoba haijakoma. Barabara ya Mbagala imekatika mahali pawili. Vyoo vya wavulana vimeanguka. Kisima cha Bibi kimejaa mpaka mdomoni, unachota kwa kata bila kamba. Baba, ambaye anauza viazi Mabibo, amesikia kwa wachuuzi wenzake kwamba mtambo wa kuchimbia uliopelekwa Boko umezama kwenye matope mpaka kwenye magurudumu, na mlinzi wake amehamia juu yake na jiko lake la mkaa. Hawajachimba hata shimo la kupandia mgomba.

Bibi ananituma nikuulize kama kiangazi chako kinajua kuogelea. Kila anayekuja kuchota anaulizwa, "Umekiona kiangazi cha Mhaya huko njiani?" Imekuwa salamu ya mtaa.

Mimi simo kwenye kicheko hicho. Mwaka mmoja wa mvua hauonyeshi kwamba umekosea, kama vile mwaka mmoja wa jua usingeonyesha kwamba umepatia. Wewe ndiye uliyetufundisha hivyo, na mtu akifundishwa jambo sawasawa halimtoki hata mwalimu akikasirika.

Uliposema maneno ya kisimani si sayansi, niliona una haki kiasi. Kwa hiyo mimi na rafiki yangu Lulu tulianza kupima kisima cha Bibi asubuhi na alasiri, kwa kamba tuliyoifunga mafundo. Siku za kawaida tofauti ilikuwa ndogo, kama upana wa kiganja. Nikakata tamaa. Lulu akasema, "Si unataka Ramadhani? Subiri shughuli." Septemba kulikuwa na maulidi ya msikiti wetu, na wapishi wote walitekea kwa Bibi mchana kutwa ili wapike pilau. Jioni kamba ilishuka mpaka fundo la mwisho. Asubuhi yake maji yalikuwa yamerudi mahali pake, kana kwamba hakuna aliyekula pilau.

Mama Elinaza alinipeleka kwa Bwana Stanley ofisini. Alinisikiliza akiwa anatafuta kalamu yake. Alipoipata akasema, "Binti, mchoro una jina chini yake. Mwenye jina ndiye wa kuufuta. Akiniandikia hata mistari miwili nitasimamisha Boko kesho. Asiponiandikia, mimi ni nani?" Mama Elinaza alimjibu kwamba na sisi tumekuwa tukijiuliza swali hilo hilo. Tukaondoka.

Ramadhani itaingia Mwaka Mpya, mwezi ukiandama. Nasema mapema ili usije ukaona nimesema baada ya kujua. Kaka Jabiri akipima alasiri, kiangazi chako kitarudi nyuma tena siku kumi na moja, hata ndani ya gharika hii. Akipima asubuhi, hakitarudi. Nimemwomba apime mara zote mbili. Alikataa. Bibi akamwambia asipopima asubuhi asije kufuturu kwetu. Amekubali.

Matokeo ya kidato cha pili bado. Michepuo itapangwa shule ikifunguliwa, na Mama Elinaza amesema ataichelewesha kadiri anavyoweza. Bwana Stanley anahitaji mistari miwili tu kutoka kwako.

Mwanafunzi wako,
Farida Anwar


Uholanzi
11 Januari 1998

Mdogo wangu Farida,

Natumaini mfungo unakwenda vizuri. Nimesoma barua yako mara nyingi na naona nikuandikie kama mtu mzima.

Uko sahihi. Nilipokujibu Mei nilikuwa na hasira, lakini Juni, siku moja ambayo profesa alikuwa safarini, niliiondoa miezi ya Ramadhani nikaiendesha modeli upya. Mstari ulilala kama mgonjwa. Hakuna kinachorudi nyuma. Kuna kiangazi cha kawaida, kile ambacho bibi yako angeniambia bure. Nikarudisha namba zote kama zilivyokuwa nikafunga chumba.

Sasa nielewe. Natetea kazi yangu mwezi wa nne. Mchoro ule umo katika sura ya kwanza mpaka ya mwisho, profesa ameshausoma kwenye mkutano, na jina lake limetangulia langu. Nikiutoa, sina shahada. Nitarudi nyumbani na koti la baridi. Unajua kijijini kwetu walichangishana nini ili nifike hapa? Huwezi kujua, na sitakuandikia.

Isitoshe, usidhani Mradi ulihitaji mchoro wangu. Wale wa Boko wangepata kisima kwa sababu yoyote. Ungekuwa udongo, ungekuwa umeme, ingekuwa barabara. Mimi niliwapa tu sababu yenye rangi nzuri. Chamazi mlikuwa na ndoo, mtabaki na ndoo, hamjapoteza kitu mlichokuwa nacho.

Ila wewe ni jambo jingine, na nisingependa upotee pale. Dada yangu Kokushubila ni mkuu wa shule ya wasichana huko kwetu Bukoba. Wana maabara tatu na maji ya bomba. Nimemwandikia. Atakupokea kidato cha tatu, mchepuo wa sayansi, na karo yako nitaibeba mimi mpaka kidato cha nne. Unachotakiwa ni kufika.

Ninachokuomba ni kimoja. Jambo la Ramadhani libaki kati yetu mpaka nimalize. Baada ya hapo nitaandika makala ya kulisahihisha, kwa utulivu, mahali panapostahili. Hao wa kisimani hawana haja ya kuelezwa. Wameshacheka vya kutosha.

Mjibu dada moja kwa moja. Anwani nimeiweka.

Kaka yako,
Gaudens


Chamazi, Temeke
1 Februari 1998

Mwalimu Gaudens,

Shikamoo. Naomba uniruhusu niendelee kukuita Mwalimu. Kaka ninao wawili, na hakuna kati yao aliyewahi kuniomba nimfichie maji.

Idi imekuwa Ijumaa. Kaka Jabiri alipima mara zote mbili, asubuhi akiwa amefumba jicho moja. Vipimo vya asubuhi vimekaa juu siku zote, hata mwezi usingejua kama watu wamefunga. Vya alasiri vimeshuka, visima vyote vitatu, si sana kwa sababu ya mvua, lakini ndivyo vilivyo chini kuliko vyote tangu masika. Ukivichukua hivyo peke yavyo, kiangazi chako kimerudi nyuma mpaka Januari, katikati ya El Nino, watu wakiwa wanavuka barabara kwa kushikana mikono. Nakutumia nakala. Utaona mwandiko wa Kaka Jabiri safari hii una nafasi ya alasiri. Aliichora mwenyewe.

Nimemwandikia Dada Kokushubila kumshukuru. Nimemwambia siwezi kwenda. Sikumwambia sababu, kwa hiyo kwake hujaharibika. Nimefikiri sana kabla ya kukataa, na nisikudanganye, nililia. Maabara tatu ni nyingi. Lakini nilijiona nimesimama kwenye moja, nafungua bomba, na mwalimu ananifundisha kwamba namba hazichaguliwi. Ningeangalia wapi? Na Lulu aliyefunga mafundo ya kamba angekuwa hapa amebeba ndoo kipindi cha kwanza, ambacho kwetu ni Hisabati.

Bibi aliniuliza umeandika nini. Nikamwambia unamsalimu. Ule mstari wa "mtabaki na ndoo" sikumsomea. Angecheka, halafu asingecheka tena juu yako, na nilitaka ubaki hata kwenye utani wake.

Nilikuwa nikidhani mtu akisoma sana anaongezewa ujasiri. Naona anaongezewa sababu. Bwana Stanley ana yake, wewe una yako nzuri zaidi, yenye sura ya kwanza mpaka ya mwisho. Bibi hana hata moja, ndiyo maana anasema tu anachokiona. Kwamba Boko wangepata kisima kwa sababu yoyote nyingine, inawezekana. Basi waitafute hiyo nyingine, tuione na sisi. Hii ya kwetu siwapi, maana si kweli, na wewe umejua hivyo tangu Juni, wakati sisi tunasoma kwa ajili ya mtihani tukidhani aliyetufungia mlango ni mbingu.

Sasa nikueleze yaliyobaki. Tarehe saba Machi wafadhili wa Mradi wanakuja Chamazi. Mtambo wa Boko umetolewa matopeni na wanataka kuhakikisha kabla ya kuchimba. Mama Elinaza ameomba shule ipewe nafasi ya kusema, na amenichagua mimi. Amekataa kupanga michepuo mpaka siku hiyo ipite. Amesema karatasi yenye majina yetu ataikalia, na asiyependa amwondoe kitini. Matokeo yametoka. Nimekuwa wa kwanza kwa Hisabati, kwa kipindi ambacho nusu yake huwa tuko kisimani.

Nitawaeleza habari za alasiri, ndoo na baiskeli moja. Nitawaonyesha vipimo vya mwezi huu. Barua yako ya Januari sitaitoa, ilikuja kwangu kwa siri na siri ya mtu si kipimo. Lakini Bwana Stanley ameshasema kwamba mchoro unafutwa na mwenye jina, na mmoja wa wafadhili hao hakika atauliza ni nani aliyeutengeneza. Jina lako nitalitaja, hilo sina njia ya kulikwepa. Barua kutoka kwako ikiondoka wiki utakayoipata hii, itafika kabla ya tarehe saba. Profesa wako anaweza kukasirika. Anaweza pia kushangaa, akawaita tena wenzake ofisini. Wewe ulisema wanapenda kitu kinachonyooka.

Kwa hiyo nijibu hili kwa posta ya kwanza, hata kama hutajibu lingine lolote: nikisimama mbele yao siku hiyo, jina la Gaudens Theonest nilitaje kama la mtu aliyekosea, au la mtu aliyesahihisha?

Farida Anwar